K ya Kiti, V ya Viti: Kumfundisha Mtoto Konsonanti ya Mwanzo wa Neno

Mwombe mtoto wa miaka mitano akutajie maneno yanayoanza na sauti ya k. Kama anakua na Kiswahili cha Kisumu au Nakuru, hatakawia: kiti, kitabu, kikombe, kijiko, kiatu. Msifu. Kisha weka viti viwili mbele yake badala ya kimoja, na vikombe viwili badala ya kimoja, umwulize tena vinaanza na sauti gani. Viti, vikombe. Ile k iliyomletea sifa imeondoka, na hakuna aliyemweleza imekwenda wapi.

Sisi watu wazima hatuoni ajabu hapo kwa sababu ngeli tumezinyonya pamoja na maziwa. Kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza kuelewa kwamba herufi ni alama ya sauti, hili ni fumbo. Tena si fumbo la maneno mawili matatu. Mtoto akizidi mmoja ni watoto, jino ni meno, jicho ni macho, chakula ni vyakula, ufagio ni fagio. Katika Kiswahili, mwanzo wa neno ndipo sarufi inapofanyia kazi yake. Somo la sauti ya mwanzo, kwa namna linavyofundishwa kwenye vitabu na video nyingi tunazozipata, lilibuniwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo ball hubaki na b yake hata mipira ikiwa kumi. Likiletwa darasani kwetu jinsi lilivyo, linafanya kazi kwa baadhi ya maneno na kumvuruga mtoto kwa mengine, na mwalimu asipojua sababu atadhani mtoto ni mzito.

Sisemi somo lenyewe litupwe. Linafaa, ila linahitaji kushonwa upya.

Kwa nini tunaanzia mwanzoni

Mtu anapozungumza hatenganishi sauti. Ukisema "bata", mdomo unakwenda mfululizo, na mtoto anamfikiria bata, hafikirii b iliyofuatwa na a. Kusoma kunamdai amsahau ndege yule kwa muda na asikilize neno lenyewe. Uwezo huo huja kwa ngazi. Kwanza hutambua maneno ndani ya sentensi, halafu silabi ndani ya neno, na mwisho kabisa sauti mojamoja. Silabi zina mapigo, kwa hiyo hata mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, huweza kupiga makofi matatu ya sa-ma-ki baada ya kuonyeshwa mara chache. Sauti mojamoja ndiyo yenye kazi, na katika hizo ile ya mwanzo ndiyo rahisi kuibandua. Ya mwisho ni ngumu zaidi, ya katikati ndiyo kabisa.

Hadi hapo lugha zote mbili ziko pamoja. Baadaye zinaachana. Katika Kiingereza irabu haiaminiki: herufi a ina sauti moja katika cat, nyingine katika cake, nyingine katika call. Ndiyo maana mwalimu wa Kiingereza huishika konsonanti ya mwanzo na kuliacha neno lililobaki kama mkia usiobadilika, akafundisha cat, hat, mat, rat. Mtoto anabadilisha kichwa, mkia unabaki. Ni njia nzuri kwa lugha ile.

Kiswahili hakina shida hiyo. Irabu ni tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake moja popote iwekwapo. Tena karibu kila silabi huishia kwa irabu. Kwa hiyo konsonanti moja ukiiunganisha na irabu tano unapata silabi tano zinazosomeka papo hapo: ba, be, bi, bo, bu. Wengine huicheka njia hiyo wakisema ni ya kizamani, ni ya kuimba tu kama kasuku. Inaweza kuwa ya kasuku, kweli, mwalimu akiimba na darasa likaitikia bila mtu kutazama ubao. Lakini kwa muundo wa Kiswahili ndiyo njia fupi kuliko zote, na anayeiacha ili afundishe kiti kwa mtindo wa cat anazunguka mbuyu bila sababu.

Tatizo la mtoto wa Kenya ni kwamba anakutana na njia zote mbili asubuhi moja. Mpango wa Tusome, ulioanza nchi nzima mwaka 2015 baada ya majaribio ya PRIMR, mradi wa kusoma na hisabati, ya 2011 hadi 2014 yaliyohusisha pia Bungoma na Nakuru, ulifundisha kusoma Kiingereza na Kiswahili sambamba kuanzia darasa la kwanza. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa 2019 nao umezibakiza lugha hizo mbili bega kwa bega, juu ya lugha ya nyumbani. Hakuna ubaya wowote. Watoto wana uwezo wa kubeba zaidi ya hapo. Ubaya huingia pale mwalimu anapotumia chati moja na maelezo yaleyale kwa masomo yote mawili. Chati nyingi za "alfabeti ya Kiswahili" zinazouzwa ni za Kiingereza zilizobadilishwa picha. Utazijua kwa urahisi: zikifika kwenye q na x zinakwama, kwa kuwa Kiswahili hakitumii herufi hizo, na c haitumiki bila h.

Neno lipi lisimame badala ya herufi ipi

Kanuni ya kwanza ni kuchagua maneno ambayo konsonanti ya mwanzo ni mali ya neno lenyewe, haitokani na ngeli. Kwa k, acha kiti na kitabu. Chukua kuku, kaka, kofia, kamba, kobe. Uwe na kuku mmoja au mia, k haiondoki. Kwa j, jino na jicho na jiwe ni mitego. Jogoo na jirani ni salama, na jembe pia, maana wingi wake majembe umeongeza ma mbele bila kuila j. Mtoto wa miaka mitano haambiwi habari za viambishi. Anapewa tu kuku badala ya kiti, basi. Mambo ya umoja na wingi yatakuja na wakati wake.

Kuna herufi ambazo nomino zake zinakaribia kuisha ukiondoa zenye viambishi. V ndiyo mbaya zaidi. Viatu, visu, viazi, vyakula, vyote ni wingi. Utabaki na vumbi na vazi. W nayo imejaa watu, watoto, walimu, na wimbo ambao wingi wake ni nyimbo. Hapa waandishi wa chati hukata tamaa na kuchora viatu.

Dawa ipo, na nashangaa haitumiki sana: vitenzi vya kuamrisha. Kitenzi cha Kiswahili kikiwa amri huanza na mzizi wake wazi. Vuta. Vuka. Vaa. Vunja. Zima. Ziba. Zunguka. Wika. Yumba. Na amri ikielekezwa kwa watu wengi, kinachobadilika ni mwisho tu: vuteni, zibeni, zungukeni. Mwanzo unabaki palepale. Hicho ndicho tulichokuwa tukikitafuta katika nomino tukakikosa.

Juu ya hayo, amri ni mchezo. Toa watoto nje, uwanjani, uwaambie leo tunacheza na sauti ya r. Ukitoa amri inayoanza na r waifanye. Ikianza na sauti nyingine wasimame kama mti. Ruka! Wanaruka. Rudi! Wanarudi. Lala! Anayelala ametoka. Baada ya dakika chache utakuwa umejua, bila mtihani wa aina yoyote, nani anasikia tofauti ya l na r na nani anatazama jirani yake kwanza. Kwa ny kuna nyoosha na nyamaza, kwa ng' kuna ng'oa, kwa sh kuna shika, kwa ch kuna cheka na chora. Epuka kula na kunywa, kwa kuwa ku iliyo mbele si ya mzizi, na epuka nipe na nifuate kwa sababu hiyohiyo. Vingine vyote uwanja ni wako.

M tatu, n tatu

Sehemu hii ndiyo inayowachanganya hata walimu wazoefu, kwa hiyo tuiendee polepole.

Piga makofi ya mama: ma-ma, mawili. Sasa mtoto: m-to-to, matatu. Sasa mbuzi: mbu-zi, mawili. Maneno yote matatu yanaanza na herufi m, lakini kila m inafanya kazi tofauti. Katika mama, m imeifungulia irabu njia. Katika mtoto, m inasimama peke yake kama silabi kamili, ina kofi lake. Katika mbuzi, m imeshikana na b, na mb hiyo ni sauti moja kwa sikio la mtoto. Ukimlazimisha atoe m peke yake atakutazama tu.

Kinachotatiza zaidi ni kwamba huwezi kujua kwa macho. Mbu na mbwa, kwa ufupi wake, huipa m kofi lake: m-bu, m-bwa. Sema "nyumba mbaya" halafu "mtu mbaya", kwa utaratibu: katika ya kwanza m imeshikana na b, katika ya pili imesimama kidogo, kwa kuwa ni m ya mtu. Upande wa n ni hivyohivyo: nanasi ni ya kawaida, nchi na nge ni n yenye kofi lake, ndizi na njugu ni za kushikana.

Kwa mtoto anayeanza, njia ni moja. M ifundishwe kwa mama na meza, na n kwa nanasi na nazi, hadi zikae. Mtoto na mti zifuate, kwa makofi, ili aisikie m inayojitegemea. Mbuzi, ndizi, ngoma, njugu zije mwisho, na zije kama kundi, kila jozi ya herufi ikiwa na kadi yake moja: mb, nd, ng, nj. Kadi moja, si mbili zilizowekwa pamoja.

Hilo la kadi moja linazihusu pia ch, sh, th, dh, gh, ny na ng'. Jicho linaona herufi mbili, sikio linasikia sauti moja. Chati inayoweka picha ya shati chini ya s, nyoka chini ya n, au thumni chini ya t inamfundisha mtoto uongo mdogo ambao atautumia: ataona "shati" na kusoma s, kisha h, kisha atakwama. Ng na ng' nazo zisikutanishwe siku moja. Ngoma leo, ng'ombe baada ya wiki mbili, na kile kikoma cha juu kionyeshwe kwa kidole kila mara hadi mtoto akionee uchungu kikisahauliwa.

Jina la mtoto na jina la herufi

Ushauri wa kawaida kwa walimu wa chekechea ni kuanza na jina la mtoto mwenyewe, kwa kuwa hakuna neno analolipenda zaidi. Darasani Kisumu ushauri huo unagonga mwamba upesi. Waulize watoto majina yao yanaanza na sauti gani: Otieno, Ochieng', Okoth upande mmoja, Atieno, Achieng', Akoth upande wa pili. Wavulana wote o, wasichana wote a, na konsonanti hakuna. Sogea Bungoma, uwakute Wafula na Nafula, Wanjala na Nanjala, w ya wavulana na n ya wasichana. Nakuru utakutana na Kipkoech na Chepkoech. Huku kwetu hata majina ya watu yanaweka sarufi mlangoni.

Basi geuza mchezo. Wape watoto wa Kisumu kazi ya kuivua irabu ya mbele na kusikiliza kinachofuata. Otieno na Atieno, ambao kwa o na a walikuwa pande mbili, sasa wamekutana kwenye t. Akoth, Okoth na Akinyi wako k. Achieng' na Ochieng' wana ch, na ng' ya kumalizia kama nyongeza. Watoto hufurahi kugundua kwamba msichana na mvulana wana sauti moja. Majina ya ubatizo nayo yana faida yake: Christine anakwenda kundi la k na Cynthia kundi la s, ingawa wote wawili huandikwa kwa C. Mtoto akiuliza kwa nini, tayari amejua kwamba sauti na herufi ni vitu viwili. Majina ya mitaa pia hufanya kazi nzuri, kwani mtoto amesikia makanga wakiyatangaza stejini: Kondele, Dunga, Manyatta, Bandani, na Nyalenda kwa ajili ya ny.

Mtego mwingine ni majina ya herufi kwa Kiingereza. Mtoto aliyeimba wimbo wa alfabeti nyumbani anajua kwamba y inaitwa "wai". Ukimwambia aandike neno linaloanza kwa w, anaweza kuandika y, na ana hoja: jina la y linaanza kwa w. Herufi g inaitwa "ji", kwa hiyo akiandika jogoo kwa g usimkemee, amefuata jina. H inaitwa "eich", na hakuna h ndani yake. Kwa somo la Kiswahili herufi ziitwe kwa sauti zake. S, f, m, n, l na z zinaweza kurefushwa, ssss, mmmm, na mtoto akazisikia zikiwa peke yake; anza na hizo. P, t, k, b, d na g hukatika mara tu zinapotoka, na mwalimu anayejaribu kuzirefusha hujikuta akisema "ka" au "ba". Si dhambi katika Kiswahili, maana konsonanti hizo karibu daima hufuatwa na irabu. Ila usiishie kwenye "ka" peke yake, la sivyo mtoto atasoma kuku kama "ka-u-ka-u". Mpe ka, ke, ki, ko, ku kwa pamoja, na umwonyeshe mdomo wako: unapotaka kusema ku, midomo imeshaviringika kabla hujaitoa k.

Sauti alizotoka nazo nyumbani

Mtoto haji shuleni na sikio tupu. Dholuo haina z, haina sh, haina v. Kwa hiyo ziwa likawa "siwa" na shamba likawa "samba". Kwa upande mwingine, mtoto huyohuyo anatofautisha t na th bila kufikiri, kwa sababu katika lugha yake to na tho ni maneno mawili tofauti kabisa, na tho ni kifo. Katika Kibukusu d na g husikika hasa zikiwa nyuma ya n, ndiyo maana duka na gari zikianza neno hukaribia "tuka" na "kari"; jirani yake Mmaragoli ana g na v za kutosha katika lugha yake. Wote wawili huitwa Waluhya, na mwalimu anayewapa zoezi moja la matamshi anapoteza muda wa mmoja wao. Nakuru kuna Wakikuyu ambao lugha yao haitenganishi l na r, na Wakalenjin ambao lugha yao haipambanishi p na b, t na d, k na g kama Kiswahili kinavyofanya.

Kucheka hakusaidii, na kumchapa ni kosa la sheria. Kinachosaidia ni kupambanua maswali mawili ambayo hukorogwa kuwa moja. Je, mtoto anasikia tofauti? Je, anaweza kuitamka? Chora picha mbili, mtu anayetoa samaki ziwani na mtu aliye na beseni la nguo. Sema "vua", aonyeshe. Sema "fua", aonyeshe. Akionyesha sawasawa kila mara, sikio lake ni zima na kilichobaki ni mazoezi ya mdomo. Akibahatisha, rudi kwenye kusikiliza kabla ya kumdai chochote kingine. Jaribu pia zaa na saa.

Na akiandika "siwa" chini ya picha ya ziwa, mwulize asome alichoandika. Akisoma "siwa", basi amesikiliza sauti yake ya mwanzo na kuichagulia herufi inayostahili, yaani somo la konsonanti ya mwanzo amelielewa. Kinachodai kazi ni z yenyewe. Mwambie aweke vidole kooni, aseme ssss, kisha aongeze sauti ya kuimba juu yake bila kuusogeza ulimi. Koo litatetemeka chini ya vidole, na hiyo ndiyo z. Ffff ikitetemeshwa inakuwa v kwa njia hiyohiyo. Kwa t na d au k na g vidole havisaidii sana, kwa kuwa sauti hukatika kabla mtoto hajahisi chochote. Hizo zisikizwe ndani ya maneno yanayokaribiana, toa na doa, kamba na gamba, picha mbili mezani na amri moja baada ya nyingine.